Wiki ya Kyalo

Nyinyi mnaotunza majengo ya Doha leo mmeniomba niwaandikie kumbukumbu zangu, kwa kuwa nimerudi Lushoto na sina kazi isipokuwa kugombana na nyani wa shambani. Mmesema, Mzee Athumani, andika yale yaliyokufurahisha, wageni wapate moyo. Hayo siyaandiki. Vyeo na mishahara pia siviandiki, kwa sababu cheo nilikuwa nacho kimoja tu miaka yote na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika jambo moja lililonikaa kooni zaidi ya miaka kumi, na nitaliandika kwa hasira, maana sijui namna nyingine ya kuliandika.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikiwa na nguo chache, Kurani ya marehemu mama yangu, na Kijerumani. Hicho Kijerumani nilikipata Lushoto, katika nyumba ya wageni nilikokuwa mhudumu. Mwalimu mmoja aliyekuja kukifundisha alishindwa na malaria, akarudi kwao, akaniachia kitabu na kaseti kumi na mbili. Nilizisikiliza miaka minne mpaka utepe ukaanza kulia kama mbuzi. Ndani yake bwana mmoja na bibi mmoja walikuwa wakiulizana njia ya kwenda stesheni, kwa sauti safi, neno baada ya neno, na hakuna aliyemkatiza mwenziwe. Niliamini kwamba Wajerumani wote huzungumza vile.

Wakala aliposikia ninajua Kijerumani alinipeleka moja kwa moja Fereej Bin Mahmoud, kwenye jengo la ghorofa nne lenye milango minane, lililokodiwa lote na kampuni moja ya mafundi wa pampu. Karibu wote walikuwa Waswabia, yaani walitoka bonde moja la Schwaben, kusini mwa Ujerumani. Ghorofa ya tatu kulikuwa na Mbavaria mmoja, wa jimbo la jirani yao, na ghorofa ya nne bwana mmoja mrefu wa Hamburg, mbali huko kaskazini. Mimi nilikuwa haris, na mnajua haris ni nani: mlinzi, fundi bomba, mpokea mizigo na mtu wa kulaumiwa lifti ikikwama. Chumba changu kilikuwa chini, ubavuni mwa lifti hiyo hiyo.

Siku ya kwanza fundi mmoja alishuka, akanipa mkono, akaanza kusema. Nilisikia sh, sh, sh, kama mtu anayefukuza kuku. Katika maneno yote yale nilinasa moja tu, maji. Nikamjibu kwa sentensi ya kaseti ya tatu, kwamba samahani bwana, je, waweza kusema polepole zaidi? Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniambia, sasa taratibu, kwamba nazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikamlaani yule bwana wa kaseti na bibi yake na stesheni yao. Miaka minne! Na huko juu bomba lilikuwa linavuja, ndilo alilokuja kuniambia.

Aliyenisaidia ni Frau Bäuerle. Alikuwa mke wa mkuu wa mafundi, mama wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye aproni ya maua na macho yanayoona vumbi kabla halijatua. Alikaa ghorofa ya kwanza na alipenda kusimama ngazini, na mimi kila alipopita nilikuwa na daftari. Nililigawa kila ukurasa mara mbili. Kushoto niliandika Kijerumani cha kaseti, kulia Kijerumani cha ngazini. Kizoleo cha taka kina jina moja kushoto na jina jingine kabisa kulia, Kutterschaufel, na ukimtamkia Frau Bäuerle lile la kushoto anakutazama kama uliyemletea mkate wa jana. Jemu vilevile. Blanketi vilevile. Na kila kitu hukifanya kidogo kwa kukitia mkia wa «le» mwishoni, hata lori la takataka.

Daftari hilo ndicho chombo changu bora kuliko bisibisi zote nilizowahi kushika, ingawa lilikuja kwa maumivu. Siku moja Frau Bäuerle alipanda ngazi ya kukunja atundike pazia, akanipigia kelele nifanye jambo fulani na ngazi. Kwa mujibu wa kaseti ile amri ilikuwa «inua». Nikainua, naye yuko juu kwenye kidato cha pili. Kwao ilikuwa «shika». Alining'inia kwenye pazia akinigombeza kwa lahaja tupu, nami namwelewa vizuri sana, maana matusi hayahitaji daftari. Baadaye aliniletea mkate wenye jemu na hatukulizungumza tena.

Wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakichekana. Mbavaria alisema Waswabia hawajui kuongea. Waswabia walisema Mbavaria ana viazi mdomoni. Yule wa Hamburg, aliyekusalimia «Moin», salamu inayosikika kama ya asubuhi, hata wakati wa Magharibi, alisema wote hao wa kusini wangehitaji mkalimani. Nami nikajiona niko nyumbani. Si ndivyo tulivyokuwa sisi Ijumaa tukikutana? Mzanzibari anamcheka Mkenya, Mkenya anamcheka Mganda, na wote watatu wananicheka mimi Mtanzania bara ninayesema «naomba» hata ninapodai kitu changu.

Jambo moja lilinichukua mwaka mzima. Nilimtengenezea Frau Bäuerle kitasa, kazi ya asubuhi nzima. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena, akasema, «Hakuna la kusema,» akaingia ndani. Niliumia. Niliona ananidharau. Kila kazi nzuri ikawa hivyohivyo, hakuna la kusema, basi. Mpaka siku moja Mbavaria alipoona uso wangu akanicheka, akaniambia, «Athumani, Mswabia asipokugombeza ujue amekwisha kukusifu. Hiyo ndiyo sifa yao ya juu kabisa, hawana nyingine.» Niliiandika safu ya kulia na kuipigia mistari miwili. Kuanzia hapo nikajiona nimewamaliza watu hawa, hakuna cha kwao nisichokijua. Someni sentensi hiyo mara mbili, ndiyo iliyotuua.

Sasa Kyalo. Kyalo alikuwa Mkamba wa Machakos, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, mfagiaji aliyeletwa kwetu na kampuni ya usafi. Kila siku alipiga deki ngazi, kumbi na lango. Vumbi la Doha mnalijua, linapenya chini ya mlango kama unga wa sembe, na ukilifagia kavu unalihamisha tu. Kyalo ndiye aliyenionyesha kufuta kwanza kwa kitambaa cha unyevu, kuanza juu kushuka chini, na kumalizia kwa maji matupu ili sabuni isikaushe michirizi. Alifanya kazi akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Alikuwa amebakiza miezi mitatu aende likizo akaoe. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kupelekwa kwa wazee wa binti, na wazee wale walikuwa na sharti moja tu, kwamba bwana harusi awe mtu mwenye kazi. Picha ya binti alikuwa nayo kwenye simu, na hakuna mtu jengo zima ambaye hakuonyeshwa.

Jumamosi moja nilikuta ubao mdogo umetundikwa kwenye mlango wa Frau Bäuerle. Ulikuwa wa mti, umechongwa vizuri, una kamba nyekundu na neno moja tu la Kijerumani. Sikuwahi kulisikia, wala kwenye kaseti wala ngazini. Lakini nililikata vipande viwili, na vyote viwili nilivijua. Kufagia. Wiki. Wiki ya kufagia. Nikasimama pale nikijivunia ujuzi wangu. Kisha nikasikia maji, nikageuka, nikamwona Frau Bäuerle amepiga magoti kwenye ngazi na kitambaa mkononi, anafuta vidato ambavyo Kyalo alikuwa ameviosha asubuhi ile ile.

Jumamosi ya pili ubao ulikuwa mlango wa pili, na mwenye mlango huo, fundi mkubwa mwenye kitambi, alikuwa ngazini na ndoo. Jumamosi ya tatu, mlango wa tatu.

Kyalo alinijia amekunja uso. «Manze Mzee, yule msee wa juu amechukua mopu yangu. Nimemwambia wacha bosi, hiyo ni kazi yangu. Akacheka tu, akaendelea. Sasa wananimalizia kazi ama wananimalizia jina?»

Nyinyi mnajua alimaanisha nini. Kwetu, mkubwa wako akishika ufagio mbele yako amekutukana bila kufungua mdomo. Mama mkwe akija kwako, akaanza kufagia ua uliokwisha kufagiwa, hulali siku hiyo, na majirani wanajua kwa nini. Kyalo alilelewa hivyo. Mimi nililelewa hivyo. Hatukuwa na njia nyingine ya kumtazama mzungu aliyepiga magoti ngazini na kitambaa.

«Huo ubao ni alama,» nilimwambia. «Wanaonyesha ni wiki ya mlango gani ambapo hukufagia vizuri.»

«Lakini nimefagia, Mzee. Wewe umeona.»

«Fagia zaidi.»

«Si uwaulize tu? Wewe ndiye unawasikia.»

Nami nikamjibu, na jibu hili nimelala nalo miaka yote hii: «Niwaulize nini? Imeandikwa. Nimeisoma.»

Sikuuliza kwa sababu niliona haya. Ndiyo kweli yenyewe na siipambi. Nilikuwa mtu wa Kijerumani katika jengo lile. Mafundi waliniita kuwasomea barua za Kiingereza, mandubu wa kampuni, yule wa kuhangaikia karatasi za serikali, aliniita kutafsiri, wenzangu waliniita profesa. Kumwendea Frau Bäuerle na kumwambia, mama, kuna neno mlangoni kwako silielewi, ilikuwa ni kurudi siku ya kwanza na yule bwana aliyeshika ukuta kwa kicheko. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, tulifundishwa hivyo tukiwa watoto wadogo. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na kitu.

Kwa hiyo Kyalo akafagia zaidi. Alikuja mapema, akapiga deki mara mbili, akasugua pembe za vidato kwa mswaki. Jumamosi, wakati wenzake wako Al Sadd wanatazama madirisha ya maduka, yeye alikuwa kwetu anasugua. Akimaliza, mlango mmoja unafunguka, mwenye ubao anatoka na ndoo yake, anafuta upya palepale, juu ya usafi. Alikonda. Nyimbo zilikwisha. Siku moja nilimkuta amekaa kidato cha chini, mopu magotini, anatazama mlango wenye ubao kama mtu anayetazama mlango wa hospitali.

Jumamosi ya nane zamu ilikuwa ya bwana wa Hamburg. Na Jumamosi hiyo hiyo alikuja Bwana Nassor, msimamizi wa kampuni ya usafi, Mzanzibari, mtu nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, kukagua majengo yake. Alipanda mpaka ghorofa ya nne, akamkuta mhandisi mrefu amekunja suruali, anasukuma maji na kunung'unika peke yake, na nyuma yake Kyalo amesimama mikono nyuma. Bwana Nassor alitoa simu akapiga picha. Kisha akaniita.

«Athumani, njoo. Hebu n'ambie, ubao huu wasemaje?»

«Unasema wiki ya kufagia. Ni malalamiko, Bwana Nassor.» Sikusema «nadhani». Laiti ningesema nadhani tu.

«Na huyu bwana anung'unika nini?»

Hapa ndipo hasira yangu inapokaa, kwenye kidato kile cha ghorofa ya nne. Bwana wa Hamburg hakuwa na lahaja ya kunisumbua. Alisema sawasawa na kaseti. Nilimwelewa kila neno, na furaha ya kuelewa kila neno ikanilevya.

«Anasema huu ni upuuzi mtupu. Anasema hajawahi kuishi katika jengo kama hili. Anasema amekuja Doha kufanya kazi ya pampu, hakuja kufagia.»

Yote yalikuwa ya kweli. Alisema hivyo hasa. Kyalo alinitazama. Bwana Nassor akafunga kalamu.

«Khalas, n'shaelewa. Kyalo, twaa vitu vyako.»

«Bosi, hebu ngoja...»

«Hapana ngoja. Mhandisi mzima apiga deki na wewe watazama! Twaa vitu vyako, yakhe.»

Kyalo aliikamua mopu, akaiegemeza ukutani kichwa juu ili ikauke, kama alivyofanya kila siku. Aliponipita chini alisema tu, «Mzee, waulize hata sasa.» Walimpeleka kwenye makazi ya kampuni kule Al Wukair kungojea tiketi. Laini ya simu ilikuwa ya kampuni, akairudisha pamoja na sare. Nilipiga wiki nzima, haikuita.

Jumamosi iliyofuata nilifungua mlango wa chumba changu, nikakuta ubao umetundikwa hapo. Kwenye mlango wangu, wenye kamba nyekundu.

Nilidhani sasa ni mimi, nafukuzwa. Nilipanda kwa Frau Bäuerle na ubao mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikauliza kama mtu asiyejua kitu.

«Huu ubao una maana gani, mama?»

Alinishangaa. «Una maana wiki hii ni yako, Athumani.»

«Yangu ya nini?»

«Ya ngazi. Milango minane imekwisha kuzunguka, wa tisa ni wako. Kwani wewe hukai humu?»

Akanieleza palepale mlangoni, kwa mshangao wa mtu anayeulizwa kwa nini watu hunawa mikono. Kwao, katika bonde lao, kila nyumba ina ubao kama huo. Unazunguka mlango hadi mlango, na ukiwa kwako unafagia ngazi za wote, uwe daktari, uwe fundi viatu. Hata zikiwa safi unafagia, kwa maana hufagii uchafu, unatimiza zamu. Mtu asiyepewa ubao ndiye aliyetengwa. Dada yake alikuwa amemletea huu kutoka kwao, na Waswabia wote jengoni walifurahi wakasema sasa tumekuwa watu wa nyumba moja. Bwana wa Hamburg tu ndiye aliyenung'unika, kwa kuwa kaskazini hawana mambo hayo, akawaambia huu ni upuuzi mtupu.

«Na Kyalo?» niliuliza. «Si yupo mfagiaji?»

«Kyalo anafanya kazi yake. Sisi tunafanya zamu yetu. Vinagongana wapi?» Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wake. Majina manane ya familia. La tisa, Athumani. La kumi, kwa mwandiko wake, Kyalo. «Yupo humu kila siku kuliko mume wangu. Tukasema naye ni wa nyumba hii. Yuko wapi, kwani? Wiki nzima sijamsikia.»

Nilimwambia. Nilimwambia yote, na mdomo wake ulizidi kuwa mwembamba kila neno. Alivua aproni, akaandika barua wima bila kukaa, na kesho yake Jumapili, ambayo Doha ndiyo mwanzo wa wiki ya kazi, ofisi zilipofunguliwa, tulikuwa Al Sadd, ghorofani juu ya duka la mapazia, mbele ya meza ya Bwana Nassor.

Barua ilikuwa mistari mitatu. Ilisema wakazi wanafagia kwa desturi yao, na kwamba kuhusu kazi ya Bwana Kyalo, hakuna la kusema.

Niliifasiri. Bwana Nassor akanitazama. «Barua nzima ndiyo hiyo? Hapana hata sifa moja?»

Nikamgeukia Frau Bäuerle. «Mama, ongeza kidogo. Sema ni hodari. Sema ni mfagiaji bora.»

«Nimekwisha kusema,» alijibu, na shingo ikawa nyekundu. «Nimeandika hakuna la kusema. Nimwongopee mtu ofisini kwake?»

Nilitaka kumtikisa mabega. Hapo ndipo nilipofanya kazi ya mkalimani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Niliiacha karatasi, nikamwambia Bwana Nassor, «Mama huyu anasema tangu azaliwe hajaona mtu anayeosha ngazi kama Kyalo. Anasema jengo zima wanamheshimu, na jina lake wameliweka kwenye orodha pamoja na majina yao wenyewe. Anasema mimi nilikosea, si yeye. Anaomba arudishwe leo.» Hakuna neno hata moja la hayo lililokuwa kwenye barua, na yote yalikuwemo.

Bwana Nassor aligeuza kalamu yake mezani. Nadhani aliona aibu, sitamnyima hilo. «Ungeyasema haya Jumamosi ile, Athumani. Kyalo kaondoka Alhamisi.»

Frau Bäuerle alikuwa ananitazama, anangoja. Hiyo niliifasiri neno kwa neno.

Tuliposhuka barabarani aliniuliza, «Kwa nini hukuuliza?»

«Kwa nini hukueleza?» Nilipiga kelele, mbele ya watu, kwenye lami ya Al Sadd saa tano za asubuhi. «Wiki nane mnafagia nyuma ya mgongo wa mtu, hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Mlidhani dunia nzima imezaliwa bondeni kwenu?» Mengine siyaandiki. Nilipoishiwa pumzi ndipo nilipotambua kwamba yote nilikuwa nimeyasema kwa lahaja yao, na sh zote mahali pake, bila kutafuta neno hata moja. Miaka yote nilikuwa nikiisubiri siku nitakayozungumza hivyo. Frau Bäuerle alilia kimyakimya mpaka tukapata teksi.

Jioni ya siku hiyo simu ililia, namba ya Kenya. Alikuwa Kyalo, kutoka kwa kaka yake. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya jengo. Kisha akasema, «Mzee, uliwauliza?»

Ningeweza kumwambia kweli. Orodha yenye jina lake nilikuwa nimeiona kwa macho yangu.

«Niliwauliza,» nilisema.

«Wakasemaje?»

«Walisema hawakuridhika na ngazi.»

«Sawa, Mzee. Nilikuwa nafikiria labda tumekosea mahali. Asante kwa kuuliza.»

Wazee wa binti waliahirisha harusi, na mwaka uliofuata binti akaolewa kwingine. Aliniandikia hilo Kyalo mwenyewe, kwa maneno machache.

Nilifagia wiki yangu. Ilipokwisha nilitaka kurudisha ubao kwa Frau Bäuerle uanze upya, akakataa. Alisema wiki ya kumi ni ya Kyalo, na jina likishaandikwa zamu ipo. Kwa hiyo wiki ya Kyalo niliifagia mimi, kutoka juu kushuka chini, kitambaa cha unyevu kwanza na maji matupu mwisho, na kila ubao ulipozunguka nikafagia wiki mbili, yangu na yake, mpaka kampuni ile ilipomaliza kazi na Wajerumani wote wakaondoka. Mara ya kwanza nilipomaliza wiki yake, Frau Bäuerle alishuka, akapitisha kidole kwenye pembe ya kidato, akasema, «Hakuna la kusema.» Sijawahi kuchukia sifa kama ile.

Ninyi mnaoanza, nunueni daftari, ligaweni kila ukurasa mara mbili. Lakini msidhani lugha iko humo. Mkiona mtu anafanya jambo msilolielewa, hata mkijua kila neno linalotoka mdomoni mwake, muulizeni, na wakiwacheka, wacheke. Mimi bado nina hasira na kaseti, na Bwana Nassor na simu yake, na lile bonde zima la watu wasioeleza. Nikizijumlisha hasira hizo zote hazifiki nusu ya ile niliyo nayo juu ya mtu aliyekuwa akiitwa profesa.

Kyalo yupo Machakos, ana duka la vifaa vya ujenzi na bado hajaoa. Kila Idi hunitumia salamu, yeye Mkristo, hajasahau hata mwaka mmoja, na humalizia kwa kuuliza kama nimewahi kuwasikia wale Wajerumani wake waliomkataa. Kwa hiyo haya mnayoyasoma sikuwatumia nyinyi kwanza. Nilimtumia yeye, jana baada ya Adhuhuri, pamoja na picha ya ile orodha yenye majina kumi, niliyopewa na Frau Bäuerle siku wanaondoka. Zile alama mbili za simu, za kuonyesha kwamba ujumbe umesomwa, ziligeuka buluu saa ile ile. Hajajibu.